Apataiti ya Songwe, fosfeti za pegmataiti, mawe ya Kabwe au vivianaiti: mkusanyaji wa Nyanda za Juu Kusini aanze na lipi?

Wengi wetu huku kusini tumekutana na fosfeti kwenye mfuko wa mbolea ya kupandia. Mkulima wa Mbozi au Wanging'ombe anaijua kwa kazi yake: mizizi inashika, mahindi yanasimama. Wachache wanajua kwamba fosfeti, kabla haijasagwa, hukua ardhini kama fuwele za kijani, zambarau, njano na buluu, na kwamba wapo watu wanaozikusanya maisha yao yote. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe au Rukwa anayetaka kuwa mmoja wao na bado hajaamua aanze na kundi lipi.

Tuanze na familia yenyewe. Madini yote ya fosfeti yana kiini cha namna moja: atomu ya fosforasi iliyozungukwa na atomu nne za oksijeni. Yanatofautiana kwa kile kilichoshikana na kiini hicho. Kalsiamu na florini zikishikana nacho tunapata apataiti. Chuma na maji hutoa vivianaiti, risasi na klorini hutoa pairomofaiti, lithiamu na chuma hutoa trifilaiti. Shaba na alumini pamoja na maji hutoa feruzi, ile ya pete na mikufu. Aina zilizokwisha kutambuliwa ni mamia, na nyingi ni ndogo kiasi kwamba bila lenzi huzioni kabisa.

Ukimuuliza muuza mawe, atakushauri uchague kwa rangi. Mimi nashauri uchague kwa asili: fosforasi ilifikaje pale, na ilikutana na nini. Jiwe ambalo unaweza kueleza lilivyozaliwa, ukionyesha na mwamba wake mama, linabaki na thamani hata kama ni la kijivu. Kwa kipimo hicho ninalinganisha makundi manne, huku nikiangalia pia kama mtu wa huku anaweza kulipata kihalali, kama litadumu kabatini, na kama litamdhuru.

Kabonataiti ya Songwe

Kilima cha Panda kiko nje kidogo ya Mbeya, si mbali na uwanja wa ndege wa Songwe. Wasafiri wa Tunduma hukipita bila kukitazama. Kina upana wa takriban kilomita 1.5, na ni mabaki ya magma iliyopenya miamba ya kale zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Watu hukichanganya na Rungwe na Ngozi kwa sababu vyote viko jirani, lakini volkano hizo ni changa mno mbele yake. Na magma yake ilikuwa ya aina nyingine kabisa: zaidi ya nusu yake ilikuwa kaboneti, yaani kitu kilicho karibu na chokaa kuliko na lava tuliyoizoea. Mwamba wa namna hiyo ndio unaoitwa kabonataiti. Ukitaka kujua magma ya kaboneti ikiwa hai inakuwaje, Ol Doinyo Lengai kule kaskazini ndiyo volkano pekee duniani inayoitoa katika zama zetu.

Magma ya kaboneti hubeba fosforasi kwa wingi. Inapoanza kupoa, apataiti huwa miongoni mwa madini ya mwanzo kuganda, pamoja na magnetaiti na pairoklori. Pairoklori ndiyo yenye niobiamu, metali ya kuimarisha chuma, na ndiyo iliyowaleta watafiti Panda tangu miaka ya 1950. Kwa kuwa fuwele hizi ziliganda wakati magma bado inasukumwa kwenda juu, mara nyingi utaziona zimejipanga kwa mistari ndani ya kalsaiti nyeupe, yaani kaboneti ya kalsiamu, zikifuata mkondo ambao umesimama kwa miaka milioni 100. Kwangu hakuna jiwe la huku linaloeleza mwendo wake waziwazi kama hilo.

Usitegemee fuwele za kupiga picha. Apataiti ya kabonataiti huja kama punje za mviringo mrefu, nyingi ndogo kuliko punje ya mchele, zenye rangi ya kijani hafifu, njano iliyofifia au nyeupe tu. Anayetaka kitu cha kung'aa sebuleni atakata tamaa mapema, kwa hiyo namwambia hapa hapa. Raha ya kundi hili iko kwenye kazi ya mikono. Chukua kipande cha kabonataiti cha ukubwa wa kiberiti, kitie kwenye chupa ya kioo, mimina siki ya jikoni. Kalsaiti itaanza kutoa mapovu na kuyeyuka polepole. Badilisha siki inapoisha nguvu, na uwe na subira ya wiki kadhaa. Mwishoni chini ya chupa kutakuwa na mchanga mzito: hayo ndiyo madini ambayo siki haikuyaweza. Yaoshe kwa maji mengi, yaanike, kisha pitisha sumaku iliyofungwa kwenye karatasi iondoe magnetaiti. Kinachobaki kiangalie kwa lenzi. Punje laini za mviringo ni apataiti; vile vidogo vya kahawia vyenye nyuso nane, ukibahatika kuviona, ni pairoklori.

Usijaribu kuharakisha kwa asidi ya betri wala asidi ya kusafishia vyoo. Asidi kali huyeyusha apataiti pamoja na kalsaiti, na ile ya betri huigeuza kalsaiti kuwa jasi inayoziba kila kitu. Na kama kipande chako kina dolomaiti nyingi (kaboneti yenye magnesiamu pia) badala ya kalsaiti, siki itafanya kazi kwa uvivu sana. Tafuta kipande kingine. Pairoklori inaweza kuwa na urani au thoriamu kidogo, hivyo usisage mchanga huo, usiupulize, na nawa mikono ukimaliza.

Kuhusu kulipata, Panda ina leseni, na Gereza la Songwe liko hapo hapo. Si mahali pa kupanda na nyundo begani. Wanaofika hufika na barua, wengi wakiwa wanafunzi wa jiolojia na walimu wao. Lakini Panda si kabonataiti pekee. Ipo Mbalizi, ipo Nachendezwaya wilayani Ileje, na ipo Ngualla kaskazini zaidi ndani ya Mkoa wa Songwe, yenye umri wa takriban miaka bilioni moja. Ngualla inasifika kwa elementi adimu za ardhi, ambazo kwingine hubebwa na monazaiti, fosfeti ya elementi hizo, na ndiyo maana wengi hudhani ni hazina ya fosfeti. Madini yake makuu ya elementi hizo ni bastnasaiti, ambayo ni kaboneti yenye florini. Ukiuziwa bastnasaiti kama monazaiti, umeuziwa familia nyingine.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nilipende kundi hili kuliko yote. Weka kipande cha Panda kando ya kipande cha Minjingu.

Minjingu iko karibu na Ziwa Manyara, na akiba yake iligunduliwa mwaka 1956. Fosfeti yake haikutoka kwenye magma. Ilitoka kwa ndege wa majini walioishi kuzunguka ziwa la kale: kinyesi chao na mifupa yao vilijikusanya kwenye matope, na fosforasi ikashikana na kalsiamu ya ziwani. Ukichunguza kitaalamu utakuta ni apataiti, kama ya Panda. Tofauti iko ndani ya fuwele. Katika ya Minjingu, sehemu ya fosfeti imebadilishwa na kaboneti, na fuwele zake ni ndogo mno na dhaifu. Udongo wenye asidi unaweza kuzifungua, na ndiyo maana mawe hayo yakisagwa yanafaa kama mbolea bila kupikwa kiwandani. Ya Panda ilikua kwenye joto kali, ikajifunga barabara, na udongo unahangaika nayo kwa muda mrefu. Watafiti wa kilimo wamezipima zote mbili kwenye udongo wetu, na Panda iliyosagwa tu imekuwa nyuma ya Minjingu.

Mkulima ambaye hajawahi kusikia neno la jiolojia anaelewa tofauti hiyo papo hapo ukimpa mawe hayo mawili mkononi. Moja ni gumu, linang'aa kwa punje. Jingine ni jepesi, lina vumbi, linaacha unga kwenye vidole. Madini yale yale, mmoja mtoto wa moto, mwingine mtoto wa maji. Kama ningeruhusiwa kuweka mawe mawili tu kwenye sanduku la mwanafunzi wa Mbeya, ningeweka hayo. Angalizo moja: tabaka za Minjingu zina mifupa ya ndege na samaki iliyogeuka mawe. Mifupa ya namna hiyo inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale, kwa hiyo omba kipande cha fosfeti kisicho na mfupa.

Pegmataiti

Hapa ndipo fosfeti adimu zinapokaa, na hapa ndipo wakusanyaji wa dunia nzima wanapotumia fedha na macho yao.

Magma ya granaiti inapoganda, fuwele za mwanzo huchukua zinachokitaka na kuacha visivyozifaa. Maji, boroni, florini, lithiamu na fosforasi havipati nafasi, hivyo huzidi kujikusanya katika kimiminika kinachobaki, kama chumvi inavyozidi kukolea kwenye mchuzi unaokaukia jikoni. Kimiminika hicho cha mwisho ni chepesi na fuwele hukua ndani yake hadi kuwa kubwa kupita kiasi. Ndiyo pegmataiti: ile miamba yenye maika ya kufungua kama kurasa na felspa kubwa ambayo wachimbaji wanaijua vizuri.

Penye lithiamu na fosforasi vya kutosha, huganda trifilaiti na ambligonaiti. Zikiwa bichi hazina mvuto: vipande vya kijivu au kijani cha moshi, vyenye mng'ao wa mafuta. Mchimbaji anayetafuta vito huvitupa kwenye kifusi. Uzuri huja baadaye, maji ya moto ya mwisho yanapopita na, muda mrefu baada yake, mvua na hewa vinapofika. Lithiamu huoshwa, chuma hupata kutu, na trifilaiti hugeuka heterosaiti yenye zambarau ya kifalme. Penye manganizi nyingi kuliko chuma hutokea papuraiti, ndugu yake. Fosforasi na chuma vilivyochukuliwa na maji huganda upya kwenye matundu kama rokbrijaiti, strengaiti, ludlamaiti na nyingine chungu nzima, kila moja ikionyesha maji yalikuwa na oksijeni kiasi gani na tindikali kiasi gani siku ilipoganda. Pegmataiti moja iliyooza vizuri inaweza kutoa aina kumi na kitu za fosfeti kutoka mzazi mmoja.

Trifilaiti ina viambato vile vile vya betri za lithiamu zinazofungwa siku hizi kwenye sola za nyumbani. Unapoichaji betri hiyo, lithiamu hutoka na kuacha fosfeti ya chuma yenye umbo la ndani la heterosaiti. Mlima umefanya polepole kile ambacho chaja hufanya kwa saa chache. Mwalimu wa sayansi anayetafuta jiwe la kufundishia elektroni atashangaa lilivyo rahisi kuelezeka.

Pamoja na sifa zote hizo, simshauri mtu wa Mbeya aanzie hapa. Pegmataiti za Iringa na ukanda wote wa miamba ya Usagara ni nyingi, lakini pegmataiti nyingi popote duniani hazina lithiamu, na zisizo na lithiamu hukupa apataiti, monazaiti na zenotaimu (fosfeti ya itriamu), basi. Kabla hujaanza kuota trifilaiti, tafuta maika ya waridi au zambarau hafifu, yaani lepidolaiti, au spodumeni, madini mengine yenye lithiamu. Usipoiona hata moja, shusha matarajio. Fosfeti adimu za ukanda wetu zimetoka magharibi, kwenye miamba ya bati inayotoka Kyerwa, kupita Rwanda hadi Kivu. Buranga nchini Rwanda ndiko burangaiti, gatumbaiti na bertosaiti zilikoelezwa kwa mara ya kwanza. Kobokobo, Kivu ya Kusini, imetoa mlolongo wa fosfeti za urani na alumini ambazo hazikuwahi kujulikana kabla.

Ugumu wa pili ni utambuzi. Fosfeti za kahawia na nyeusi zinafanana mno. Jina lililoandikwa na muuzaji kwa kutazama tu halina uzito, na kipimo cha uhakika ni cha miale ya X maabara. Hata zambarau yenyewe si ya kuamini mara moja: heterosaiti na papuraiti nyingi za sokoni zimechovywa kwenye asidi kuondoa gamba jeusi la juu. Hilo si wizi kama muuzaji anasema. Asiposema, bei ishuke.

Kabwe

Treni ya TAZARA inayopita Iyunga inaishia Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kusini kidogo mwa hapo kuna Kabwe, zamani Broken Hill, mgodi wa risasi na zinki ulioanza mwanzoni mwa karne ya 20 na kufungwa mwaka 1994. Kwa anayependa fosfeti, hili ni jina kubwa kuliko lolote lililo karibu nasi.

Sababu yake ni mifupa. Madini ya zinki na risasi yalikuwa ndani ya mwamba wa dolomaiti wenye mapango. Karibu na uso wa ardhi, maji ya mvua na hewa yaliozesha madini ya salfa, na maji yaliyojaa zinki yakapenya mapangoni. Ndani ya pango moja kulikuwa na mrundo wa mifupa ya wanyama. Mfupa ni fosfeti ya kalsiamu. Zinki ikakutana na fosfeti, na juu ya mifupa ile ikaota hopaiti. Katika machimbo hayo hayo, mwaka 1921, wachimbaji walikuta fuvu la binadamu wa kale ambalo hadi leo liko London na Zambia inalidai.

Kabwe ndiko tabutaiti na parahopaiti, fosfeti nyingine za zinki, zilikotambuliwa kwanza, na hopaiti yake huhesabiwa kati ya bora duniani. Hopaiti na parahopaiti zina viambato sawa kabisa, zinki, fosfeti na maji kwa kipimo kile kile, ila atomu zimejipanga tofauti na fuwele zinatoka na maumbo tofauti. Tabutaiti huja bila rangi, njano au kijani, imekaa juu ya udongo wa kutu ya chuma. Kwa uzuri wa macho pamoja na historia, kundi hili linaishinda Songwe mbali sana. Sina haja ya kubisha.

Lakini mgodi umefungwa. Mawe yaliyopo ni ya mikusanyiko ya zamani, na yanapouzwa huuzwa kwa bei ya vitu visivyoongezeka. Kabwe pia ni moja ya sehemu zilizochafuliwa na risasi vibaya zaidi duniani. Watoto wa pale wanaishi na risasi kwenye damu. Mtu yeyote akikwambia mpande treni mkachokore vifusi, kataa, na usimpeleke mtoto huko kwa sababu ya jiwe. Jiwe la Kabwe ulilonalo nyumbani likae ndani ya sanduku lenye kifuniko, lisipigwe brashi likiwa kavu, na mikono inawe baada ya kulishika. Ni laini pia: ugumu wake uko kati ya 3 na 4 kwenye kipimo cha Mohs, maana yake kisu kinalichana bila shida, wakati apataiti ina 5.

Kipimo cha uhalisi ni lebo. Jiwe la Kabwe lisilo na lebo ya zamani, inayotaja lilipita kwa nani, ni hadithi tu ya muuzaji. Na likivuka Nakonde na Tunduma livuke na karatasi za pande zote mbili.

Wachimbaji wa Chunya nawapa dondoo moja hapa, kwa sababu kemia ni ile ile. Mshipa wa dhahabu wenye galena, yaani madini ya risasi na salfa, karibu na juu ulikooza, unaweza kuwa na gamba la kijani. Wengi husema ni shaba, wanapita. Tone la asidi likitoa mapovu, ni malakaiti kweli, kaboneti ya shaba. Lisipotoa mapovu na kipande ni kizito kuliko ukubwa wake, kiweke pembeni: hivyo ndivyo pairomofaiti, fosfeti ya risasi, inavyojitambulisha.

Vivianaiti

Hii ni ya matope. Penye tope jeusi lisilo na hewa, lenye chuma na mabaki ya mimea au mifupa, fosforasi hushikana na chuma na kuganda vivianaiti. Tope la chini ya Ziwa Nyasa linayo. Udongo wa vinyungu, bustani za mabondeni, vya Iringa na Njombe unafundisha mazingira yake vizuri, ule mweusi unaonuka ukifukuliwa. Afrika ina rekodi yake pia: Anloua nchini Kamerun imetoa fuwele za vivianaiti zenye urefu wa zaidi ya mita moja, kutoka kwenye udongo wa mfinyanzi.

Ikitoka tu ardhini inaweza kuwa haina rangi. Mwanga na hewa vikiigusa, chuma chake huanza kugeuka, nayo inakuwa kijani, kisha buluu, kisha karibu nyeusi. Pamoja na hayo hupoteza maji na kupasuka. Kwa darasa la kidato cha tatu ni ya ajabu, kwa sababu wanafunzi wanaona mmenyuko ukitokea. Kwa kabati ni ya huzuni. Anayeinunua ajue ananunua kitu kinachotaka giza maisha yake yote.

Ninayoyaacha

Fosfeti za urani, kama otunaiti na tobanaiti, zina rangi zinazowapumbaza watu, njano na kijani cha kung'aa. Zinatoa mnururisho na gesi ya radoni, na nyumba nyingi zetu zina chumba kimoja cha kulala watoto na kuhifadhi vitu. Siziweki, na nasema wazi usiziweke. Monazaiti ya mchangani ni hivyo hivyo, kwa sababu ya thoriamu: punje moja ndani ya mwamba si tatizo, kopo lililojaa ni tatizo, na mionzi nchini inasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki.

Kimondo cha Mbozi pia huingizwa kwenye mazungumzo haya. Vimondo vya chuma huwa na fosforasi kweli, lakini sehemu kubwa yake imeshikana na chuma na nikeli bila oksijeni, hivyo si fosfeti. Kile cha Mbozi ni urithi unaolindwa. Atakayekuletea kipande chake, mrudishe nacho.

Kwa mtu gani, kundi gani

Mwalimu, mwanafunzi, au mkulima mwenye udadisi: Songwe na Minjingu pamoja, siki, sumaku na lenzi. Gharama ni ndogo na elimu yake haiishi. Hata mtu mwenye fedha ningemwanzisha hapa, kwa sababu aliyezoea kutazama punje za apataiti kwa lenzi hatadanganywa kirahisi na fuwele kubwa baadaye.

Mwenye fedha za ziada na kabati salama lisilofikiwa na watoto, jiwe moja la Kabwe lenye lebo nzuri ni bora kuliko mawe kumi ya mchanganyiko. Aliye na subira ya miaka na rafiki maabara aende pegmataiti, huko hatachoka. Kwa anayependa rangi tu, feruzi na apataiti za vito zipo sokoni, ila feruzi nyingi za bei ya chini ni haulaiti au magnesaiti iliyotiwa rangi. Vivianaiti naiacha kwa shule.

Lolote utakalochagua, andika siku hiyo hiyo: jina la jiwe, kijiji na kilima, mwamba uliolizunguka, nani amekupa na lini. Bandika namba ndogo kwenye jiwe lenyewe, maana karatasi hupotea. Na usilivunje kutoka kwenye mwamba wake mama ili lionekane safi. Mwamba ule ndio ushahidi wa jinsi lilivyozaliwa.

Kabla ya kutoka na nyundo, pitia ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa wako. Chini ya Sheria ya Madini, kukutwa na madini bila leseni au kibali ni kosa, na "nakusanya tu" si utetezi. Ukiwa na makubaliano ya maandishi na mwenye PML, yaani leseni ya uchimbaji mdogo, na risiti ya kile ulichonunua, mazungumzo yanakuwa mafupi. Kwa utambuzi, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, iko Dodoma na inapima sampuli. Peleka kipande kidogo, kizima kibaki kwako, na uandike namba ya jibu lao kwenye lebo ya jiwe.